Urithi wa mbinguni na ploti ya Dandora

Kwa mkutano wa familia kuhusu ploti aliyoacha marehemu shosho, nyanya yangu, anko alifungua Biblia kwa 1 Petro sura ya kwanza, akavaa miwani, akaangalia upande wa dada zake kwanza ndio akasoma. "Tupate na urithi usioharibika, usio na uchafu, usionyauka, uliotunzwa mbinguni kwa ajili yenu." Akafunga Biblia lakini kidole kikabaki ndani. Akasema, dada zangu, nyinyi mliokoka zamani kuliko hata sisi wanaume, na mama alikuwa anatuambia kila siku tusipiganie vitu vya dunia, kwa hivyo hii ploti isituletee maneno. Urithi wenu mnajua uko wapi.

Watu wakasema amina.

Anti yangu kitinda mimba, huyo ambaye kwa miaka alikuwa akimuogesha shosho na kumlisha uji na kumgeuza usiku ili asipate vidonda, alikuwa amekalia mtungi wa maji kwa sababu viti vya plastiki viliisha wazee wakikaa. Na yeye akasema amina. Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ya kibandani anakouza mboga, ile ya kukuuliza kama unataka sukuma ya kumi ama ya ishirini:

"Na huo wa mbinguni, wewe huutaki?"

Kimya.

"Maana kama ni mzuri hivyo tubadilishane, ndugu yangu. Wewe chukua huo wa mbinguni, mimi wacha nibaki na huu wa Dandora."

Mzee wa kanisa akakohoa. Binamu yangu mmoja akacheka, akaona macho ya babake, kicheko nacho kikageuka kikohozi. Tukaomba, tukapewa chai, watu wakatawanyika kama vile hakuna kitu kilisemwa.

Lakini hilo swali limenifuata wiki hizi zote. Kwa matatu liko, nikiosha vyombo liko, Jumapili kwaya ikianza nyimbo za kwenda nyumbani kwa Baba liko pia, limekaa kiti cha mbele. Na si swali la sheria, sheria nitaifikia. Ni swali la imani kabisa, kwa sababu mimi huo mstari wa Petro naupenda na ninauamini, na sijui nifanye nini nikiusikia kwa mdomo wa mtu ambaye ndiye ameshika ufunguo wa geti.

## Simiti kwa jina

Shosho alipata hiyo ploti ya Dandora, hapa Nairobi, kwa ule mradi wa miaka ya 1970, wa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti kama 6,000 hivi. City Council inakupa kipande cha ardhi, choo, bafu na maji, vyumba unajijengea mwenyewe vile utaweza. Yeye alikuwa mjane anafulia watu nguo. Akajenga chumba kimoja akakikodisha, yeye na watoto wakalala kwa kingine cha mabati, renti ya kile cha kwanza ikajenga cha tatu, na cha tatu kikalipa karo ya huyu huyu anko anayesoma Petro. Hivyo hivyo, polepole, mpaka uwanja ukajaa.

Ndio maana mtu akitamka "vitu vya dunia" kwa ile sauti ya kupangusa mikono mimi husikia vibaya. Kwa shosho hivyo vyumba havikuwa upande mwingine wa maisha mbali na maombi. Aliomba simiti kwa jina, mifuko mingapi na ya kampuni gani, kisha akashukuru kwa jina pia.

Lakini hapo hapo, na hapa ndipo kichwa kinaanza kuniuma, huyo huyo mama alikuwa mtu wa uamsho. Wale ndugu wa zamani wa feloshipi, wa kusalimiana na ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu hata kama mmekutana kwa foleni ya benki. Uamsho wao ulianzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Na wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo, wakisema wameshakunywa damu ya Mwanakondoo na hawawezi kunywa nyingine, na wengine waliuawa kwa hilo jibu. Hao hao wengi walikataa pia kubeba bunduki za serikali, kwa hivyo walichukiwa pande zote mbili. Shosho aliwajua kwa majina.

Kwa hivyo siwezi kusema ati urithi wa mbinguni ni maneno tu ya kunyamazisha maskini. Nimelelewa na watu ambao kizazi chao kiliulipia. Walikuwa na nafasi ya kuchagua ardhi na uhai ama huo urithi usionyauka, na walichagua. Mtu wa hivyo akikusomea 1 Petro unanyamaza, unasikiza.

Tofauti ni kwamba wao walijisomea wenyewe.

## Jibu ambalo lilinikera

Niliporudi nyumbani ile jioni nilienda moja kwa moja Luka 12, kwa sababu nilikumbuka kuna mtu alimpelekea Yesu kesi kama ya anti. Anasema, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Sentensi fupi, iliyonyooka, ya mtu amechoka. Hata hasemi apewe yote, anasema agawiwe.

Na Yesu anamjibu, "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Halafu anaanza kuonya juu ya choyo.

Nikafunga Biblia. Kusema kweli nilikasirika, kwa sababu hilo jibu anko angelipenda sana. Huyu mtu amedhulumiwa, amekuja kwa Mwana wa Mungu mwenyewe, na anaambiwa ajichunge na choyo, kana kwamba mwenye choyo ni yule anayeomba kugawiwa na si yule aliyekalia.

Nilikaa na hiyo hasira siku kadhaa kabla ya kusoma mistari inayofuata kwa makini. Onyo la choyo halipewi huyo mtu peke yake, linapewa wote waliosimama pale. Na ninaona si ajabu yule ndugu yake alikuwa kwa huo huo umati, mikono kifuani, akiangalia pembeni. Tena mfano unaofuata si wa mtu anayedai haki yake. Ni wa tajiri ambaye shamba lake limezaa sana mpaka anataka kubomoa ghala ajenge kubwa zaidi. Nani kati ya hao ndugu wawili alikuwa na ghala? Si huyu aliyekuja kulia. Na swali ambalo Mungu anamuuliza huyo tajiri usiku wa kufa kwake ni swali la mirathi kabisa: "Na vitu ulivyojiwekea tayari vitakuwa vya nani?"

Hapo hasira ilipoa kidogo, haikuisha. Kwa sababu bado ni kweli kwamba Yesu hakugawa. Alikuwa na uwezo wa kumwita yule ndugu mkubwa pale mbele ya watu akamaliza hiyo kesi kwa dakika mbili, na hakufanya.

Mahali nimefika, na sijui kama mtanikubalia, ni kwamba huyo mtu hakukosa sheria. Torati ilikuwa imeshasema mali inagawanywa vipi, mpaka fungu la mzaliwa wa kwanza liko Kumbukumbu 21. Wazee wa kuamua walikuwepo. Alichotaka ni jina la Yesu alishike kama rungu aende nalo nyumbani. Na Yesu akakataa kushikwa hivyo, hata na mtu ambaye pengine alikuwa na haki yake.

Sasa kama alikataa kuwa rungu la aliyenyimwa, atakubali aje kuwa rungu la anayenyima?

## Walawi walikuwa na mahali pa kulala

Grupu ya WhatsApp ya familia haikulala. Mzee wa kanisa, ambaye sijui nani alimuongeza, akatuma Hesabu 18:20, pale Mungu anamwambia Haruni kwamba hatakuwa na urithi katika nchi, Mungu mwenyewe ndiye fungu lake. Chini yake akaandika, "Walawi hawakulia." Na emoji ya mikono ya maombi.

Mimi nikatuma Hesabu 35. Sikuongeza neno.

Kwa wale hawajaisoma karibuni: Waisraeli wanaagizwa wawape Walawi miji 48 ya kukaa, pamoja na malisho ya mifugo yao, kutoka kwa urithi wa makabila mengine, aliye na vingi atoe vingi na aliye na vichache atoe vichache. Hiyo ni juu ya zaka. Yaani hao watu ambao Biblia inasema waziwazi kwamba urithi wao ni Mungu, ndio Mungu anahakikisha wana nyumba, wana ng'ombe na wana chakula. Hakuna kabila liliambiwa, Walawi wana Mungu tayari kwa hivyo nyinyi kuleni renti.

Halafu kuna wale mabinti watano wa Selofehadi, Hesabu 27, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, wamesimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na kuhani na mkutano wote wakidai ardhi ya baba yao. Sijui kama unaelewa ujasiri wa hiyo kitu. Wanadai fungu la nchi ambayo bado hawajaingia hata! Na Musa hawaambii wajisitiri, anaenda kumuuliza Mungu, na Mungu anasema wako sawa. Na Ayubu mwishoni, baada ya kupoteza kila kitu na kurudishiwa, anawapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao, na mwandishi anaona ni kitu cha kutajwa. Mtu aliyeelewa kuliko wote kwamba mali ni kivuli, ndiye aliigawa vizuri.

Upande ule mwingine sitakaa sana, wa makanisa ya hapa mjini ambapo ukisikia neno urithi ujue inakuja ploti ya Kitengela, gari, viza, na bahasha ya mbegu. Mnaijua hiyo stori. Wale wameifanya mbingu kuwa ploti. Anko ameifanya ploti kuwa mbingu, lakini kwa wengine tu.

## Dada yake Antoni

Kuna mtakatifu mmoja Mwafrika ambaye hunitatiza. Antoni wa Misri, baba wa watawa wa jangwani. Karne ya 3, wazazi wake walikufa akiwa kijana wa miaka kama 18 ama 20, wakamwachia dada mdogo na ardhi nzuri sana, arura 300 kwa kipimo cha huko. Akaingia kanisani akakuta inasomwa ile ya "uza ulivyo navyo uwape maskini". Akatoka, akawapa watu wa kijiji hiyo ardhi yote ili isiwasumbue tena yeye na dadake. Akauza vitu vya nyumbani akagawia maskini, akabakisha kidogo kwa ajili ya dada. Siku nyingine akasikia ikisomwa msisumbukie ya kesho, basi hata hicho kidogo akatoa, na dada akamkabidhi kwa wanawake watawa wamlee. Yeye akaenda zake.

Kila nikiisikia hii stori ikihubiriwa, inahubiriwa kama ushindi. Na ni ushindi, watu wengi walibadilika maisha kwa ajili ya huyo mtu.

Lakini dada je? Ile ardhi haikuwa ya Antoni peke yake. Kwa yale yaliyoandikwa kuhusu maisha yake hakuna mahali dada anaulizwa. Mwenzake aliitwa na Mungu, yeye akajikuta hana shamba.

Inasemekana naye baadaye akawa kiongozi wa mabikira, kwa hivyo labda alikuja kufurahia. Labda. Mimi siko hapa kumhukumu mtu ambaye alilala jangwani akipigana na mapepo mpaka uzee, nasema tu hivi: kuachilia urithi wako ni kitu kimoja, kuachilia wa dada yako ni kitu kingine, hata kama ulisikia Injili ikisomwa. Na angalau Antoni na yeye alibaki bila kitu. Anko hajatuambia kama anaenda jangwani.

## Mstari wa nane

Kilichonipindua kabisa ni pasta wangu, na sidhani alikusudia.

Nilimwendea baada ya ibada ya Alhamisi nikamuuliza waziwazi kama ni dhambi anti kwenda kortini. Ni mtu mpole, hakurukia jibu. Akanikalisha, akafungua 1 Wakorintho 6, pale Paulo anawakemea Wakristo wanaoshtakiana mbele ya wasioamini. Akasoma mstari wa saba polepole: "Mbona hamkubali kudhulumiwa? Mbona hamkubali kunyang'anywa?" Akasema, unaona, huo ndio msalaba. Akaongeza na Waebrania 10:34, ambapo waumini walikubali kwa furaha kunyang'anywa mali zao wakijua wana mali iliyo njema zaidi, idumuyo.

Sikuwa na jibu. Naapa, nilitembea kutoka pale hadi stegi nikifikiri anko ameshinda. Kwa sababu hiyo ya Waebrania si mchezo, hawakuvumilia tu, walifurahia. Na nilijua kuna watu hapa hapa Kenya waliishi hivyo, nimeshawataja. Nilianza hata kupanga vile nitamwambia anti aachilie, nitafute maneno laini.

Halafu ndani ya matatu, jamu ya Outering, nikafungua simu nisome tena huo mstari wa saba, nikauona na wa nane.

"Bali kinyume cha hayo ninyi wenyewe mwadhulumu watu na kunyang'anya, naam, hata ndugu zenu."

Na wa tisa mara moja: "Au hamjui ya kuwa wadhalimu hawataurithi ufalme wa Mungu?"

Soma tena hiyo. Hawata-u-ri-thi.

Sikuamini hiyo kitu imekuwa hapo miaka yote. Paulo anazungumza na watu wawili kwa sura moja. Kwa aliyenyang'anywa anasema, ungeweza kuachilia. Kwa aliyenyang'anya hasemi pole pole, hasemi haya ni mambo ya dunia tuyaache, anamwambia kwamba kwa kuchukua ile ploti anaweka rehani ule urithi mwingine. Yaani hizi urithi mbili tunazoziweka kwa mifuko tofauti, huu wa juu na huu wa chini, kwa Paulo zimeshonwa pamoja. Vile unagawa hapa ndio kunaonyesha kama una kitu kule.

Kwa hivyo kwa ule mkutano wetu ulisomwa mstari sahihi kwa watu wasio sahihi. Aliyehitaji kuogopa kuhusu urithi wa mbinguni pale uwanjani hakuwa anti kwa mtungi wa maji.

Na hata ile ya Waebrania niliisoma tena. Waliowanyang'anya ni watesi wa nje. Haisemi kwamba mzee wa kanisa alisimama kando ya watesi akaitikia amina. Na Yesu mwenyewe, kwa wale waliokula nyumba za wajane na huku wanasali sala ndefu, Marko 12:40, hakusema wajane wafurahi. Alisema hao walaji watapata hukumu iliyo kubwa.

Pia nilikumbuka kitu kuhusu watu wa uamsho ambacho anko anakijua kuliko mimi. Ukisimama kwa feloshipi yao kutoa ushuhuda kwamba umeokoka, walikuwa hawakupigii makofi haraka. Walitaka kujua umerudisha nini. Mtu alirudisha jembe la mwajiri, mwingine akarudisha chenji aliyoficha miaka mingi. Shosho alitusimulia kuhusu mwanamke mmoja aliyebeba kuku wawili mchana kweupe akipelekea jirani, kwa sababu mmoja aliiba na wa pili ni faida. Kwao damu ya Yesu na kuku wa jirani vilikuwa ni mambo ya mkutano mmoja.

## Anko akiomba

Sasa hapa ndipo ningependa mtu anisaidie, kwa sababu mpaka hapa nimemfanya anko aonekane mwizi na si rahisi hivyo.

Yeye ndiye alikuwa akilipa dawa za shosho za presha. Yeye ndiye alipigana na ile kesi ya kaunti ya malimbikizo ya ada za ploti wakati sisi wengine tulikuwa hatujui hata namba yake. Kwa kichwa chake ni kweli kwamba ameishikilia hiyo nyumba isianguke, na anaogopa, aliniambia hivyo kwa simu, kwamba ikigawanywa sita itauzwa ndani ya mwaka mmoja na jina la mama litaishia hapo. Hiyo hofu si ya uongo. Nabothi alikataa kumuuzia mfalme shamba la mizabibu kwa sababu ni urithi wa baba zake, akauawa kwa hilo, na tunamwita shujaa.

Na kuna hii nyingine. Anko akiomba ni shosho anaomba. Sitanii. Ile pumzi ndefu kabla ya kuanza, lile neno "Baba" mara tatu, la tatu chini chini, kupiga goti kwa kiganja wakati wa kushukuru, kutaja wagonjwa kwanza. Hakuna mtoto mwingine wa shosho anaomba hivyo. Paulo anamwambia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, na mimi nikiuliza kwa familia yetu ile imani ya shosho imekaa kwa nani, masikio yangu yanasema anko.

Macho yanasema anti. Yule ambaye siku hizi hata kanisani haendi sana kwa sababu Jumapili ni siku ya kuuza.

Nilikuwa nadhani urithi wa kiroho ni kitu unaweza kukisikia, kama lafudhi. Sasa sina uhakika. Inawezekana mtu akarithi sauti nzima ya mama yake na asirithi ile kuku ya pili. Ama labda amerithi zote na hofu imekalia moja, na ndio maana kidole kilibaki ndani ya Biblia, kwa sababu yeye mwenyewe anajua mistari iliyofuata. Nampenda huyu mzee. Sitaki mstari wa tisa umhusu.

## Tulipo sasa

Anti ameenda kwa chifu. Barua ya chifu ndiyo mlango wa kwanza wa mirathi, inaorodhesha walioachwa na marehemu, na kulikuwa na karatasi nyingine imetangulia kupelekwa yenye majina ya wanaume tu. Chifu ananunua mboga kwa anti. Alimuuliza, na wewe si wa pale? Barua iliyotoka ina watoto wote sita.

Sheria haina utata vile watu wanafikiri. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imekuwa ikitumika tangu tarehe 1 Julai 1981, na kifungu cha 38 kinasema aliyekufa bila wosia na bila mume ama mke, watoto wanagawana sawa. Haiulizi nani ameolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilipata kesi ambapo jaji wa chini alikuwa amewapa mabinti ardhi kidogo kuliko wana kwa hoja kwamba wanaweza kuolewa, ikaikataa hiyo hoja. Katiba ya 2010 nayo, kipengele cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia kwa mambo ya ardhi uondolewe hata kama ni wa mila. Na huku kuchukua renti ya marehemu kabla korti haijampa mtu ruhusa, kifungu cha 45, ni kosa la jinai. Hiyo ya mwisho sijaituma kwa grupu. Nimemtumia anko peke yake, inboksi, na nikamwambia nimeituma kwa upendo. Imeonekana. Hajajibu.

Ukishapeleka makaratasi kortini Milimani, kunatangazwa kwa gazeti la serikali, mwenye pingamizi ana siku 30, halafu hata ukipewa barua za usimamizi unangoja kwa kawaida miezi 6 kabla ya kugawa. Loya alituambia kama wote sita watasaini pamoja itakuwa rahisi na bei nafuu. Paulo pia aliuliza Wakorintho kama kweli hakuna hata mmoja kwao mwenye hekima ya kuamua mambo ya ndugu, kwa hivyo hiyo njia bado iko wazi, mzee wa kanisa akitaka kufanya kazi yake badala ya kutuma emoji.

Anti hataki kubwa. Alinihesabia kwa vidole: kile chumba alichokuwa akilala na shosho, kimoja cha kukodisha, na mahali pa kuweka mkokoteni usiku. Nikamuuliza kama hajisikii vibaya kupigania nyumba na yeye ni mtu wa Mungu. Aliniangalia kama nimemuuliza kama hajisikii vibaya kula.

Pasta bado haoni vile naona. Nilimwonyesha mstari wa nane na wa tisa, akasoma, akanyamaza muda, akasema ni kweli lakini hekima ni kungoja, Bwana ataugusa moyo wa anko. Nami naomba augusike, kila usiku naomba. Lakini nilimuuliza pasta tunangoja mpaka lini, maana renti ni tarehe tano.